Vigawo Tasa na Mafungu ya Samaki

Wanafunzi wengi hudhani ya kuwa vigawo tasa ni hesabu za ubaoni tu, na kwamba mtihani ukiisha navyo vimekwisha. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka likizo iliyopita, nilipokwenda kwetu Somanga.

Mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hupita kijijini kwetu, na abiria hununua samaki wa kukaanga. Shangazi yangu hufanya biashara hiyo. Asubuhi moja aliniita akasema, “Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Vibua ni hawa 91. Nifanye mafungu mangapi yaliyo sawa, asibaki hata mmoja?”

Nikajaribu 2, nikajaribu 3, nikajaribu 5, zote zikabakiza. Nikamjibu upesi, “Haiwezekani, Shangazi. Namba hii ni tasa.” Yeye hakubishana. Aliwapanga samaki saba saba juu ya mkeka, akapata mafungu 13 kamili. Akacheka, akaniuliza, “Tasa gani huyu mwenye watoto 13?” Niliona haya sana.

Namba tasa ni namba nzima, kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mfano ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Kosa langu lilikuwa kuishia 5. Kanuni ni hii: jaribu namba tasa moja baada ya moja mpaka ufikie ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hupita namba unayoichunguza. 7 × 7 ni 49, bado haijapita 91. Kwa hiyo ilinipasa kuijaribu 7. 11 × 11 ni 121, imepita. Hapo ndipo pa kukoma. Sababu yake ni kwamba vigawo huenda wawili wawili. Kama vyote viwili vingekuwa 11 au zaidi, zao lao lisingepungua 121.

Siku chache baadaye Shangazi na wenzake wawili walinunua samaki kwa shirika: vibua 84 na changu 126. Jana yake walikuwa karibu kugombana, kwa kuwa mafungu hayakulingana na kila mmoja aliona amepunjwa. Safari hii sikufanya haraka. Nilichukua kijiti nikaandika mchangani:

84 ÷ 2 = 42; 42 ÷ 2 = 21; 21 ÷ 3 = 7.
Basi 84 = 2 × 2 × 3 × 7.

126 ÷ 2 = 63; 63 ÷ 3 = 21; 21 ÷ 3 = 7.
Basi 126 = 2 × 3 × 3 × 7.

Vigawo tasa vilivyomo katika namba zote mbili ni 2, 3 na 7. Tukivizidisha twapata 42, nacho ndicho Kigawo Kikubwa cha Shirika. Maana yake, mafungu mengi kabisa yanayoweza kufanywa sawasawa ni 42, na kila fungu lina vibua 2 na changu 3. Kila mama alipata mafungu 14. Hakubaki samaki, wala hakubaki neno. Shangazi hakunisifu kwa maneno, lakini mchana niliwekewa changu mkubwa kuliko wote.

Wasomaji wenzangu, hesabu hii haihitaji akili ya ajabu, bali subira. Tusiseme namba ni tasa kabla ya kuijaribu mpaka mwisho. Nawaachia swali moja: je, 143 ni namba tasa? Atakayeishia 7 atajibu vibaya, kama nilivyojibu mimi mbele ya Shangazi.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV