Wiski kwa Ramani ya Nakuru

Anayetaka kuzielewa aina za wiski bila kukariri majina ya viwanda na afunge safari kutoka Rongai, apitie Njoro, apande mpaka Mau Narok. Hatakuta mtambo wa wiski njiani, lakini nafaka tatu kubwa zinazotumika kuipika duniani atazipita zote kando ya barabara: mahindi huku chini, ngano katikati, shayiri kule juu kwenye baridi. Ladha ya wiski huanzia shambani, kisha mbao na miaka huja kuimalizia.

Nasema hivyo kwa sababu mazungumzo ya wiski katika baa zetu huanzia kwenye rangi ya lebo na kuishia hapo hapo. Red ya Johnnie Walker ni ya kijana aliyeajiriwa juzi, Black ni ya aliyepandishwa cheo, Blue hutolewa siku bintiye mheshimiwa anapoposwa. Huo ni mpangilio wa bei, na bei haikuambii ulimi utakutana na nini. Heshima hiyo ya chupa ina mizizi ya zamani. Mkataba wa Brussels wa 1890, na baadaye ule wa Saint-Germain wa 1919, ilizuia pombe kali kuuzwa kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Kwa hiyo walowezi wa Bonde la Ufa walikaa na wiski zao klabuni huku mpishi na mtunza farasi wakiruhusiwa kuibeba kwenye sinia tu. Kitu alichokatazwa babu yako, ukikipata unakiweka katikati ya meza watu wakione.

Tuanze Rongai, kwenye mahindi. Sheria ya Marekani inasema Bourbon lazima ipikwe kwa nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, kisha ikae ndani ya mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani. Mahindi huleta utamu na uzito mdomoni. Pipa jipya huleta vanila, nazi na harufu ya sukari iliyoungua. Kuchoma pipa kunaweza kumshangaza mgeni, lakini si mtu wa hapa. Mama wa Kikalenjin anayeandaa mursik husugua ndani ya kibuyu kwa kijinga cha mti wa senetwet mpaka kuta ziwe nyeusi, na mkaa ule huipa maziwa harufu yake na kuyatuliza. Pipa la Kentucky hufanya kazi kwa namna hiyo: mkaa hunyonya harufu kali za pombe changa, na mbao iliyopata moto chini ya mkaa huachia sukari na vanila yake polepole. Jack Daniel's ya Tennessee, ambayo asilimia 80 ya nafaka yake ni mahindi, huchujwa kwanza kwenye tabaka nene la mkaa wa mti wa mepo kabla hata haijaingia pipani. Ndiyo maana huteleza kooni, na ndiyo maana vijana huichanganya na Coke bila kujuta.

Kwa mahindi ya Afrika, kuna Bain's. Hupikwa Wellington, Afrika Kusini, kwa mahindi ya njano ya huko huko, na huzeeshwa katika mapipa yaliyotangulia kubeba Bourbon. Iliingia sokoni 2009, na mara mbili, 2013 na 2018, ikatajwa kuwa wiski bora ya nafaka duniani katika mashindano ya World Whiskies Awards. Mtu akikuambia Afrika haiwezi kutengeneza wiski, mmiminie hiyo bila kumwonyesha chupa.

Njoro ni nchi ya ngano. Mlowezi Lord Delamere alipoteza fedha nyingi huko akipambana na ugonjwa wa kutu wa ngano, na kituo cha utafiti wa mbegu kilichoanza miaka ya 1920 bado kipo, sasa chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo. Wanywaji wengi wa Nakuru hawajui kwamba kila jioni wanakunywa ngano. Wiski nyingi za Uskoti zinazouzwa hapa, kuanzia Johnnie Walker hadi Grant's na Famous Grouse, ni mchanganyiko. Sehemu yake ni wiski ya kimea cha shayiri iliyopikwa kwa awamu katika vyungu vya shaba, na sehemu nyingine, mara nyingi iliyo kubwa zaidi, ni wiski nyepesi iliyopikwa kwenye mnara wa chuma unaofanya kazi mfululizo. Mnara huo ulipewa hataza 1830 na Aeneas Coffey, mtu aliyekuwa mtoza ushuru wa pombe huko Ayalandi kabla ya kugeuka mtengenezaji wa mitambo. Nafaka inayoingia mnarani siku hizi katika viwanda vya Uskoti ni ngano zaidi. Zamani ilikuwa mahindi.

Wiski ya mnara ni laini, haina makeke, na gharama yake ni ndogo. Kazi ya mchanganyaji ni kuipa mwili na harufu kwa kuongeza wiski za kimea kutoka viwanda mbalimbali. Familia ya John Walker, aliyefungua duka la vyakula Kilmarnock 1820, ilifika mbali kwa sanaa hiyo. Majina ya Red Label na Black Label yalianza kutumika 1909. Red haitaji umri. Black ina miaka 12, maana yake wiski iliyo changa kuliko zote ndani ya chupa hiyo imekaa pipani miaka 12. Namba ya umri kwenye lebo humhusu kitinda mimba, hata kama wakubwa wake wana miaka 20. Ukiinusa Black kwa utulivu utapata moshi kwa mbali, ambao Red huuonyesha kwa ukali zaidi na bila ule uzito wa matunda makavu. Kwangu mimi, tofauti hiyo inastahili bei yake. Ile ya Black na Blue sina hakika nayo.

Sasa tupande Mau Narok, na hapa sina haraka.

Shayiri ya huko hulimwa kwa mkataba na huishia katika viwanda vya kimea vya East African Maltings, kisha kwenye bia. Wakati wa mavuno utamwona mkulima akichota punje chache, akazing'ata moja moja. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, mashine ya kuvuna isubiri. Anachokiogopa ni mvua ya kuchelewa, kwa kuwa punje ikiota ingali shambani mnunuzi wa kimea haitaki tena. Protini nayo ikizidi, wanga hupungua, na pombe inatokana na wanga. Nilimuuliza mzee mmoja kule kama huwa anajaribu wiski inayotokana na zao lake. "Tusker, kijana wangu," akanijibu. "Wiski anakunywa yule ananunua shayiri."

Kuifanya shayiri kimea ni kuidanganya. Inaloweshwa kama siku mbili, inaachwa iote siku tano hivi, na wakati mbegu imeshatoa vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari ili ilishe mche, inakaushwa kwa joto na mche unakufa. Vimeng'enya vinabaki. Mpikaji wa busaa anaijua kazi hii vizuri: wimbi alilolichipusha, akalianika na kulisaga, ndilo linalougeuza unga wa mahindi uliokaangwa kuwa kitu cha kuchachuka. Busaa ikikenekwa inakuwa chang'aa, na chang'aa ya nafaka safi, kwa jicho la mtaalamu, ni ndugu wa wiski ambayo haijaona pipa. Uskoti huwezi kuiita wiski mpaka ikae ndani ya mwaloni miaka 3 kamili.

Chukua gunia la kilo 90 la kimea. Tani moja hutoa kama lita 400 za alkoholi safi, hivyo gunia hilo ni lita 36. Ukiongeza maji mpaka nguvu ishuke kwenye asilimia 40, umepata lita 90, yaani chupa 120 za mililita 750. Uskoti hupoteza kama asilimia 2 ya pipa kwa mwaka kwa kuvukiza. Baada ya miaka 12 chupa zako zimebaki kama 94, na miaka yote hiyo umelipia ghala, bima na riba ya benki. Ukijiuliza kwa nini Glenfiddich ya miaka 12 haiwezi kuuzwa kwa bei ya kwota ya pombe ya miwa, jibu ndilo hilo.

Glenfiddich ni mfano wa ile inayoandikwa "Single Malt": kimea cha shayiri peke yake, kutoka kiwanda kimoja, kwa vyungu vya shaba. Ina peasi na tufaha, ni rafiki kwa anayeanza, na Singleton iko katika ukoo huo. Nenda kisiwa cha Islay mambo yanageuka. Kule kimea mara nyingi hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo wa mimea iliyooza mabwawani kwa maelfu ya miaka, na moshi huo haumtoki mtu puani mpaka kesho. Laphroaig inanuka kama kabati la dawa. Wengine huitema, na wengine hawanywi kitu kingine tena. Wa katikati sijakutana nao.

Jameson, ambayo sasa imejaa katika meza za vijana wa mjini, ilianzia Dublin 1780 na leo hupikwa Midleton, kusini mwa Ayalandi. Sehemu ya shayiri yake haifanywi kimea. Hutumika mbichi, desturi iliyostawi wakati Waingereza walipokitoza kimea kodi, nayo huleta ule utelezi kama wa mafuta. Hukenekwa mara tatu badala ya mbili, kwa hiyo hutoka safi na nyepesi, na huelewana sana na tangawizi.

Je, shayiri yetu ikiwekwa pipani hapa hapa ingekuwaje? India wanatupa fununu. Kiwanda cha Amrut cha Bengaluru, kilichozindua wiski yake ya kimea mjini Glasgow 2004, hupoteza asilimia 10 mpaka 12 ya pipa kila mwaka kwa sababu ya joto, hivyo miaka minne au mitano yatosha kuipata ladha ambayo Uskoti ingeitafuta muda mrefu zaidi. Nakuru iko mita 1,850 juu ya bahari, ina baridi kuliko Bengaluru na haina majira ya theluji. Naamini pipa la Mau Narok lingezeeka kwa utaratibu, kati ya hao wawili. Tena hewa yetu ya miezi ya kiangazi ni kavu, na penye ukavu maji hutoroka pipani haraka kuliko alkoholi, kwa hiyo nguvu ya pombe hupanda badala ya kushuka. Anayetaka kuwekeza aanze na jambo hilo kabla ya kuchora lebo.

Mwinuko huu unaigusa hata gilasi yako. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, na alkoholi huruka upesi. Usiitumbukize pua ndani. Iweke ukingoni, mdomo ukiwa wazi kidogo. Kuhusu maji, watu wanaocheka anayeongeza maji hawana hoja. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba maji yakiongezeka, molekuli ya gwayakoli, inayobeba harufu ya moshi, husogea juu ya uso wa kinywaji, pale pua inapoifikia. Kijiko kimoja cha maji kwa toti kinatosha. Barafu hufanya kinyume chake, hufunga harufu. Kwa hiyo barafu iwekee chupa ambayo harufu yake huitaki.

Na zipo chupa ambazo usizikaribie kabisa. Pombe iliyotiwa rangi na ladha si wiski hata ikiwa na picha ya mlima wa Uskoti. Geuza chupa usome nyuma: kama hakuna nchi ilikopikwa wala neno lolote kuhusu nafaka au pipa, unanunua pombe ya molasi yenye manukato. Stempu ya mamlaka ya mapato, KRA, unaweza kuihakiki kwa simu kupitia programu ya Soma Label. Watu husema pombe iliyoua "ilipikwa vibaya", na mara nyingi si kweli. Methanoli hutokana zaidi na pektini ya matunda, na uchachu wa nafaka hutoa kidogo mno. Vifo vikubwa, kama vile vya Novemba 2000 huko Mukuru, Nairobi, vilivyopita watu 100, huja pale mtu anapomimina methanoli ya viwandani ndani ya pombe ili iongezeke. Sheria ya 2010, tunayoiita ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliondoa marufuku ya chang'aa kwa masharti ya leseni na chupa, lakini wa kumimina hakuomba leseni.

Vipenzi, basi. Dereva wa masafa marefu ninayemfahamu hapendi chochote zaidi ya VAT 69 na maji ya moto akifika kwake Molo, gari likiwa limeshafungwa na alcoblow, kile kipimo cha pombe cha barabarani, iko mbali. Mwalimu mmoja mstaafu wa Njoro ana Black ya tangu Krismasi na haimalizi, kwa kuwa humimina toti ya Jumapili tu. Binti yake anashikilia Jameson na hataki kusikia ushauri. Mimi kwa siku za kawaida nachukua Bain's, bila barafu, kwa sababu ya mahindi na kwa sababu ya bei. Mbuzi akiwa jikoni naomba ya Islay, Lagavulin kama kuna wa kuilipia: mafuta yanayodondokea makaa na moshi wa piti vinaelewana kuliko wiski yoyote tamu, na chumvi ya mawe huufunga mkataba. Bourbon na mbuzi sikushauri. Ipeleke kwenye mbavu za nguruwe zilizopakwa asali.