Gitaa la nailoni kwa mkono uliozoea chuma

KAMPALA. Mfanyabiashara anayeagizwa gitaa na mteja wa Kampala huulizia bei, rangi na labda jina la kampuni. Swali linalosahaulika ni la nyuzi: za chuma au za nailoni? Kwa kutouliza hilo, gitaa linaweza kuvuka Busia salama salimini, kisha likaharibikia mikononi mwa mwenyewe baada ya siku chache.

Wapigaji wengi wa ukanda huu wamekulia kwenye chuma. Ndiyo njia ya Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na ya George Mukabi wa magharibi mwa Kenya: gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu yake. Mtu wa namna hiyo akipewa gitaa la nailoni la Kihispania, mkono wa kushoto hupotea. Shingo yake ina upana wa milimita 52 hivi kule juu nyuzi zinakoanzia, na uso wake ni bapa kama ubao wa kukatia mboga. Ya gitaa la chuma ni milimita 43 au 44.

Hapo ndipo linapoingia gitaa chotara. Nyuzi ni za nailoni, lakini shingo imepunguzwa hadi milimita 48 hivi, uso umepinda kidogo, mwili mara nyingi ni mwembamba, na ndani kuna kinasa sauti cha kuunganisha na spika. Yamaha wana familia ya NTX. Godin wa Kanada wana Multiac, ambayo imepigwa na Lionel Loueke wa Benin, mtu anayechomeka hata karatasi katikati ya nyuzi ili zitoe sauti kavu.

Mkono wa kushoto huzoea upesi. Kazi iko mkono wa kulia. Uzi wa nailoni huyumba kwa upana zaidi kuliko wa chuma, hivyo anayecharaza kwa nguvu kama yuko kwenye bendi ya harusi husikia mtetemo mbaya wa nyuzi kugonga shingo. Sauti pia hufa mapema. Ule ujanja wa kuusukuma uzi pembeni ili sauti ipande hauleti kitu cha maana. Inabidi apige kwa wepesi, kwa nyama ya kidole na ukucha, na kile kipande cha plastiki cha kucharazia kikae mfukoni.

Kwa Uganda sauti hiyo si ngeni hata kidogo. Adungu, kinubi cha kaskazini kinachosikika katika kituo cha Ndere pale Ntinda, siku hizi hufungwa nyuzi za nailoni, ndugu wa mshipi wa kuvulia samaki. Mpiga gitaa anayetaka kukaa karibu na mlio huo atafika haraka zaidi kwa gitaa chotara kuliko kwa la chuma, hata liwe ghali namna gani.

Sasa hatari yenyewe. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma huvuta kwa takriban kilo 70, ya nailoni kama 40. Ukifunga chuma kwenye gitaa la nailoni, kile kipande kilichogundishwa tumboni kinaweza kung'oka pamoja na mbao. Kinachowachanganya wauzaji ni kwamba nyuzi tatu nene za seti ya nailoni hung'aa kama chuma. Ndani yake ni nailoni. Juu zimezungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Tazama zile tatu nyembamba: zikiwa kama plastiki, ni gitaa la nailoni. Usimuuzie mteja huyo kinasa sauti cha sumaku cha kubandika kwenye tundu, kwani sumaku haisikii nailoni.

Nailoni haishiki kutu, jambo zuri kwa anayekwenda kupiga Mombasa. Lakini seti mpya hutanuka kwa siku kadhaa. Atakayeibadilisha asubuhi ya shughuli atatuni usiku kucha.

Kwa wanaopitisha mizigo mpakani, utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Adungu iliyochongwa Uganda ina asili ya Uganda. Gitaa lililotengenezwa China au Indonesia halina asili hiyo, na risiti ya duka la Nairobi haibadilishi jambo hilo. Katika orodha ya forodha magitaa yako chini ya 92.02. Nyuzi zikiwa peke yake ziko 92.09, hivyo pakiti za akiba ziandikwe mstari wake.