Udongo Mwekundu: Usiuhukumu kwa Macho Tu



Musa alipotuma watu kumi na wawili kupeleleza inchi ya Kanana, hakuwauliza habari ya askari na miji tu. Someni Hesabu 13:20. Aliwauliza pia habari ya udongo: kama una unono ao umekonda, kama kuko miti ao hakuna. Musa alijua kwamba taifa haliwezi kula ushindi wa vita. Litakula kile udongo utatoa.

Ulizo hili ni la kwetu pia, sisi wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi. Zamani baba alipata mshahara na mfuko wa unga kule kazini. Miaka ya 1990, kazi ya migodi iliporegea, jamaa nyingi zilishika jembe, na hata leo nyumba nyingi zinakula bukari ya shamba lao wenyewe. Mvua ikianza mu mwezi wa kumi na moja, utasikia mtu anasema: "Angalia vile huu udongo uko mwekundu! Hapa njo tutavuna." Feza ya masomo ya watoto inanunua mbegu na angre. Mwezi wa tatu, mahindi ni mafupi, majani yamegeuka rangi, na suke halijazi mkono. Kisha maneno mabaya yanaanza. Shamba limelogwa. Nani alipita hapa usiku? Mjane jirani anaanza kuangaliwa vibaya.

Ndugu msomaji, Sheria ya Musa ilikataza kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Ilitaka wawili ao watatu (Kumbukumbu 19:15). Sasa wewe unamhukumu jirani na unausifu udongo kwa shahidi mmoja tu, ndiyo macho yako? Watu wanaochunguza udongo wanaita mashahidi watatu: mahali, mvua, na laboratware. Mwaka 1959 Sys na Schmitz walitoa karte ya udongo na miti ya eneo la Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Ilikuwa kazi ya INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoundwa mwaka 1933. Tuwasikilize mashahidi hao, mmoja mmoja.

SHAHIDI WA KWANZA: MAHALI

Simama juu, pale inchi iko sawa meza. Udongo ni mwekundu na unaenda chini sana. Utachimba mita mbili bila kuona jiwe gumu. Shuka polepole kwenye mteremko: unaanza kuwa wa manjano. Fika chini kabisa, ku dembo, kule maji yanasimama wakati wa mvua na majani marefu yanaota bila miti: pale udongo ni wa kijivu ao mweusi.

Mwaka 1935, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi ku Amani, inchi ya Tanganyika, aliupa mpango huu jina la Kilatini, katena, maana yake mnyororo. Aliona kwamba udongo wa juu, wa katikati na wa chini umeshikana sawa pete za mnyororo. Ukijua mahali unaposimama juu ya mnyororo, umekwisha kujua mambo mengi.

Na wekundu ule unatoka wapi? Unatoka kwa chuma. Ni ndugu ya kutu ya jembe lako. Pale maji yanapita vizuri, chuma kinakuwa chekundu. Penye unyevu zaidi kinakuwa cha manjano. Pale maji yanalala, chuma kinayeyuka na kuondoka, kijivu kinabaki. Basi wekundu unasema neno moja la kweli: "Hapa maji hayasimami." Hausemi hata kidogo: "Hapa kuko chakula kingi." Sisi ndio tunauongezea maneno.

SHAHIDI WA PILI: MVUA NA JUA

Mu Lubumbashi mvua ya mwaka mmoja inafika karibu milimita 1200. Milimita moja ni litre moja juu ya kila metre ya mraba. Hesabu mwenyewe: litre 1200 ni mapipa sita ya litre 200, yamemwagwa mahali pale unapoweza kutandika kitambaa kimoja cha meza. Na mapipa hayo hayamwagwi pole pole mwaka mzima. Karibu yote yanaanguka kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa ine. Kisha, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, mbingu inafunga.

Mama anapoosha sombe mara nyingi, maji ya mwisho yanatoka safi. Ndivyo mvua ilivyoosha udongo wetu, si kwa miaka kumi, lakini kwa maelfu na maelfu ya miaka, juu ya inchi ya zamani sana. Chokaa, potasi na manyezi vilishuka na maji. Kilichobaki juu ni mchanga, chuma, aluminyumu, na mfinyanzi mnyonge uliochoka. Hakuna mchawi aliyefanya kazi hiyo.

SHAHIDI WA TATU: LABORATWARE

Watu wa laboratware wanapima mambo mengi. Mimi nitakuonyesha mawili.

Kwanza ukali wa udongo, ule wanaita pH. Saba ni katikati. Udongo mwekundu wa juu kwetu uko mara nyingi karibu na tano. Utasema: kutoka saba mpaka tano ni hatua mbili tu. Lakini kila hatua inazidisha ukali mara kumi, kwa hiyo hatua mbili ni mara mia. Katika ukali ule aluminyumu inaanza kuyeyuka na kuunguza mizizi midogo ya mahindi, na mzizi mfupi hauwezi kutafuta maji jua likipiga katikati ya masika.

Pili, viti. Fikiri kanisa. Mfinyanzi na mboji ndani ya udongo vina viti, na juu ya viti hivyo chakula cha mimea kinakaa na kungojea mizizi. Wataalamu wameupa udongo wa namna hii jina la feralisoli, kwa sababu ya chuma na aluminyumu. Sharti moja la kuitwa hivyo ni kwamba viti vya mfinyanzi wake visifike 16 kwa kilo, kwa kipimo chao. Mfinyanzi mweusi wa inchi nyingine, ule unaopasuka wakati wa jua, unaweza kufika 80 ao kupita. Tena viti vyetu hivi vichache, vingine vimekaliwa na ule ukali na ile aluminyumu. Sasa unaleta mfuko mzima wa angre na kuutawanya siku moja. Ni sawa kualika watu elfu katika kapela ya viti mia. Wengine watarudi mlangoni: mvua ya kesho itawapeleka ku mto. Na fosfori inakamatwa na chuma, inafungwa, mmea hauipati.

Ndiyo maana mboji ina bei kubwa kuliko tunavyofikiri. Katika udongo huu viti vingi vinatoka kwa mboji, nayo iko katika sentimita 20 za juu tu. Tunapochoma majani kila mwaka, tunachoma viti vya kanisa letu wenyewe.

KICHUGUU

Kuko msaada ulio karibu. Vile vichuguu vikubwa vya porini kwetu vinafika karibu metre 5 kwenda juu na karibu metre 15 kwa upana, na hektari moja inaweza kuwa na vitatu. Udongo wake una mfinyanzi mwingi na chokaa nyingi kuliko ule wa kando, na ukali wake ni kidogo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kichuguu kimoja cha Katanga kilikwisha kuwako zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Kilianza mbele Bwana Yesu hajazaliwa Betelehemu! Wazee wanaolima mahindi juu ya kichuguu na pembeni yake hawakusoma kitabu, lakini waliona vizuri. Chukua udongo wake kwa kiasi, usikibomoe chote.

PALE MACHO YANADANGANYA ZAIDI

Sasa neno zito, wazazi. Kuko mahali ambapo udongo haukukonda tu, lakini una sumu. Mu Lubumbashi kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wake ulipelekwa na upepo upande wa kaskazini-mangaribi, na shaba na madini mengine yakaanguka juu ya udongo. Ku Penga Penga miti ilikufa na inchi ikabaki wazi. Kandokando ya miji yetu yote kuko pia takataka za migodi, na mito inayopita ndani yake.

Mmea mmoja unaweza kukuamsha: Haumaniastrum katangense, ambao wengi wanauita ua la shaba. Unapenda pale penye shaba nyingi, hata mahali ambapo wazee wa zamani walikuwa wanayeyusha shaba mu matanuru yao. Ukiuona unaota kwa wingi, usipande lengalenga pale. Lakini usiseme: "Sikuona ua, basi ni salama." Shaba na kobalti havina harufu, na lengalenga inaweza kuwa nzuri kwa macho na vumbi la madini likiwa juu ya majani yake. Mtoto anayecheza chini na kuweka vidole kinywani anakula udongo ule moja kwa moja.

Angalia tena: laboratware inajibu kile ilichoulizwa tu. Ukiomba pH na mboji, hawatakuambia habari ya shaba. Kama shamba liko karibu na mgodi, kiwanda ao mto wa mgodi, omba wapime madini pia.

FANYENI HIVI

Shahidi mmoja wa laboratware anaweza kusaidia watu wengi, kwa sababu mashamba yaliyo juu ya pete moja ya mnyororo, chini ya mvua moja, yana udongo wa undugu. Kwa hiyo kusanyeni feza kidogo kidogo, jamaa tano ao kumi ambazo mashamba yao yako pamoja. Chimbeni shimo moja la metre moja, muangalie rangi. Kisha twaeni udongo wa sentimita 20 za juu mahali kumi na tano, mkipita shamba kwa kwenda huku na huku. Ruka kichuguu, ruka pale mlichoma makala. Changanyeni ndani ya ndoo ya plastiki iliyo safi, si mfuko uliobeba madini. Kausheni kivulini, twaeni nusu kilo, muandike mahali na tarehe. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinajua udongo huu vizuri. Vijana wanaosoma pale ni watoto wa makanisa yetu, waulizeni njia.

Mkingoja jibu, msichome majani. Tieni samadi ya kuku ao mboji. Angre iwekwe kidogo kidogo karibu na shimo la mbegu, isitawanywe. Chokaa ya kilimo inapunguza ukali, lakini kipimo chake kitoke kwa laboratware.

Na mjane yule? Mwende kwake mapema, kabla ya mvua ya kwanza. Kama mlimsema vibaya, mumwombe musamaha, kisha mumwalike aingize shamba lake katika hesabu ya wale kumi. Mungu aliyetuumba kwa mavumbi ya udongo hapendi tuuhukumu udongo kwa haraka, na zaidi sana hapendi tumhukumu mtu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Shamba letu liko wapi juu ya mnyororo: juu, mteremkoni, ao karibu na dembo?
2. Mwaka uliopita tulichoma nini ambacho kingekuwa mboji?
3. Mavuno yalipokuwa mabaya, tulimshitaki nani moyoni, na kwa mashahidi wangapi?