Je, Fedha za Kale Hulala Chini Kiasi Gani?

Muhula uliopita tulipokuwa tukilima shamba la maharagwe la shule, mwenzetu mmoja alisikia jembe lake likigonga kitu kigumu. Alikiokota, akakisugua kwa kaptula yake, nasi tukaona taji na mwaka 1908. Kumbe ni heller moja ya shaba, fedha ya Wadachi walioitawala nchi hii ya Rwanda hata mwaka 1916. Heller 100 zilifanya rupia moja. Fedha hiyo ilikuwa ndani ya udongo kwa miaka mingi, lakini haikupita kina cha shubiri moja.

Jambo hilo lilinishangaza kwa sababu ya mambo yaliyotupata nyumbani. Baba yangu mdogo aliambiwa kwamba Wadachi walipokimbia vitani walizika sanduku la rupia kilimani kwetu. Akaja mtu mmoja na mashine ya kutafutia metali. Mashine ikalia, mwenyewe akapokea malipo yake, yaani bei ya mbuzi wawili, akaenda zake. Baba mdogo na vijana wawili wakaanza kuchimba. Walipofika urefu wa mtu bila kuona kitu, walisema, "Vitu vya kale viko chini zaidi." Wakaendelea. Usiku mmoja mvua ilinyesha sana, na asubuhi yake ukuta wa shimo ukaporomoka, kijana mmoja akiwa ndani. Alitolewa hai, lakini mguu wake ulivunjika, na mpaka leo anachechemea.

Basi nilirudi shuleni na swali hili: je, ni kweli kwamba kitu kikiwa cha kale zaidi huwa chini zaidi? Nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia, nikasoma na vitabu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, tuijue mashine yenyewe. Chini yake mna waya uliozungushwa kama pete, na ndani ya waya hupita umeme unaogeuka-geuka. Umeme huo huzaa nguvu za sumaku, nazo huingia ardhini. Zikikuta shaba, fedha, dhahabu au chuma, huamsha humo umeme mdogo, na umeme huo nao hurudisha nguvu zake juu. Mashine ikizisikia, hulia. Lakini nguvu hizo hufifia upesi sana kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Kwa hiyo mashine ya kawaida husikia senti moja kwa shubiri moja hivi, au kuzidi kidogo. Senti iliyolala chali husikika vizuri kuliko iliyosimama kwa ukingo wake. Chungu kikubwa kilichojaa fedha huweza kusikika chini zaidi. Lakini mashine haijui thamani ya kitu: hulia kwa msumari wa kutu, na pengine hata kwa udongo wenye chuma kingi.

Pili, kwa nini fedha huzama? Si kwa uzito wake tu. Mwaka 1881 bwana Charles Darwin wa Uingereza alitoa kitabu kizima juu ya kazi ya nyungunyungu. Alieleza kuwa wadudu hao hula udongo wa chini na kuutoa juu, hata vitu vilivyoachwa juu ya nchi vikafunikwa polepole. Lakini jembe nalo hupindua udongo na kuvirudisha vitu juu. Katika nchi ya milima kama yetu, mvua huchukua udongo wa mteremko na kuuweka bondeni. Kwa hiyo fedha mbili zilizoanguka siku moja, moja yaweza kuonekana juu kabisa ya kilima, na nyingine ikafunikwa chini sana bondeni. Basi kina peke yake hakihesabu miaka.

Tatu, mtu aliyezika mali yake kwa kawaida alitaka kuichukua tena. Mara nyingi hakuwa na sababu ya kuchimba kisima. Mwaka 2010, karibu na mji wa Frome katika Uingereza, bwana Dave Crisp alisikia mashine yake ikilia shambani. Alichimba kama sentimeta 35 tu, akakuta mdomo wa chungu. Ndani yake mlikuwa na fedha 52,503 za Warumi, zilizokaa humo zaidi ya miaka 1,700.

Na hapa ndipo penye fundisho kubwa. Bwana huyo alipotambua kwamba ni chungu, aliacha kuchimba, akawaita wataalamu. Wao walizitoa fedha tabaka kwa tabaka, wakiandika kila moja ilikotoka. Wakaona kwamba nyingi katika zile za mfalme wa mwisho, Carausius, hazikuwa juu, bali chini ya nusu ya chungu. Kama chungu kingejazwa kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, fedha mpya zingekuwa juu. Hivyo wakafahamu kwamba chungu kilijazwa kwa mara moja. Kama zingemwagwa katika gunia, habari hiyo ingepotea milele.

Linganisha na habari za fedha za Kilwa. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota fedha tisa katika mchanga wa pwani ya kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya Australia. Tano kati yake zilikuwa za masultani wa Kilwa, nne za Uholanzi. Zilifikaje mbali namna ile? Wataalamu wanabishana mpaka leo, kwa maana zilitoka mchangani bila mtu kuandika zililala katika tabaka gani na pamoja na nini.

Likizo iliyopita nilimweleza baba mdogo mambo haya yote. Aliniuliza, "Basi mashine ililia kwa nini?" Nikamjibu kwamba yaweza kuwa ni msumari, au ni udongo wenyewe, na kwamba mashine ile ya kubeba mkononi haiwezi kusikia senti iliyo chini ya urefu wa mtu. Alinyamaza kitambo. Kesho yake tulichukua majembe tukalifukia lile shimo.

Ndugu zangu, wahenga walisema, "Tamaa mbele, mauti nyuma." Ukiona fedha ya kale shambani, usichimbe shimo. Pima kina chake kwa rula, andika mahali, kisha mwonyeshe mwalimu au watu wa makumbusho. Ile heller yetu sasa imo katika kabati la darasa la historia, na kando yake kuna karatasi iliyoandikwa: shamba la maharagwe, sentimeta 17.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita