Kusaka Managu Nairobi: Kweli au Uongo?

*Managu ni managu tu. Ukiona fungu, chukua.*
Uongo, na ndio unaowaponza wengi. Sokoni Nairobi jina hilo hubeba mimea miwili. Upo wenye majani mapana na laini, matunda yake yakiiva huwa meusi ya kuelekea zambarau. Wataalamu huuita Solanum scabrum. Hujaza sufuria upesi na uchungu wake si mkali. Wa pili ni Solanum villosum: majani madogo, matunda ya rangi ya chungwa, uchungu wa kukunja uso. Aliyelelewa kwa huu wa pili, ukimpikia ule wa kwanza atakula kwa adabu tu. Basi usiulize, "Mama, una managu?" maana jibu ni ndiyo kila mahali. Taja majani madogo, na kama vijiti bado vina matunda yaliyoiva, tazama rangi.

*Yale machungu sharti uyafuate Kisii.*
Uongo. Kangemi na Gikomba, masoko ya Nairobi, wapo wauzaji wa mboga za kienyeji, na Mkisii ukimwomba rinagu, au Mjaluo ukimwomba osuga, majina ya managu kwa lugha zao, atajua hutaki za kujaza sufuria tu. Wahi asubuhi. Majani yaliyosongamana guniani hupata joto, na joto huyageuza manjano.

*Ya supamaketi ni safi zaidi.*
Nadhifu, ndiyo. Usafi ni habari nyingine, kwa sababu mboga iliyomwagiliwa maji taka haina alama usoni. Uliza imetoka shamba gani. Sokoni swali hilo lina mtu wa kulijibu, hata akikudanganya. Rafu haina mdomo.

*Ni mmea wa sumu.*
Ukweli upo kidogo: matunda mabichi ya kijani yana solanini, yatupe unapochambua. Majani yaliyopikwa ni chakula cha vizazi. Hofu nyingi imetoka Ulaya, kwenye maonyo kuhusu Atropa belladonna, mmea wa ukoo huohuo lakini si huu.

*Ukimwaga maji ya kuchemshia, uchungu hupungua.*
Kweli, ila unamwaga na vitamini C. Afadhali maziwa: yatie, chemsha kwa moto mdogo, ulaze sufuria mahali pa baridi hadi kesho. Ingawa kwa mpenzi wa majani madogo, kuyapunguza uchungu baada ya kuyasaka hivyo ni kujichosha bure.