Mteja wa Siri na Simu Yake: Kweli au Si Kweli?

Benki au kampuni ya simu ikitaka kujua wateja wake wanapokelewaje, haimtumi meneja. Meneja akiingia tu, kila mtu anakaa sawa na tabasamu zinachanua. Anayetumwa ni mtu wa kawaida: anapanga foleni kama wengine, anauliza, ananunua, anaondoka zake, kisha anajaza fomu. Huyo ndiye mteja wa siri. Nairobi na Dar es Salaam wapo, na malipo yao ni ya kibarua kwa kila kazi, hayafanani na mshahara. Maneno juu ya kazi hii ni mengi, hasa kuhusu vifaa anavyotakiwa mtu kuwa navyo, na kuhusu zile kazi za ajabu ambazo ukisimuliwa unadhani unataniwa. Hebu tuyapime.

"Simu yoyote yenye kamera inatosha."

Si kweli, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza malipo yao. Kampuni haitafuti picha ya kupendeza. Inataka picha inayothibitisha kwamba wewe, siku ile na saa ile, ulikuwa pale. Ndani ya kila faili la picha simu huandika taarifa zisizoonekana kwa macho: tarehe, saa, aina ya simu na, kama umeiruhusu, mahali picha ilipopigwa. Mhakiki anaweza kuzisoma hizo kabla hata hajaitazama picha yenyewe. Ukizima lokesheni ili kuokoa chaji, picha yako ya bango la benki inabaki kuwa bango tu. Angeweza kuipiga mtu yeyote, tena mwaka jana.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hata wajanja. Mtu anapiga picha zake vizuri, lokesheni imewashwa, kisha anajitumia kwa WhatsApp ili azifungulie kwenye kompyuta. WhatsApp huibana picha na kuziondoa zile taarifa za ndani. Picha inafika, inaonekana ileile, lakini haina tena ushahidi wowote. Itume kama hati, au tumia waya. Picha ya skrini nayo haisaidii: saa inayobeba ni ile uliyoipiga skrini, tukio lenyewe lilishapita. Wenye iPhone wana lao la ziada. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu hizo huhifadhi picha kwa mfumo wa HEIC, na zipo tovuti za ripoti zinazopokea JPEG peke yake. Kubadilisha kwenye mipangilio ya kamera ni kazi ndogo, ila ifanyike nyumbani, usingoje mpaka saa sita usiku wakati muda wa kutuma unakwisha.

GPS yenyewe ina udhaifu wake. Ndani ya jengo la ghorofa simu haizioni satelaiti sawasawa. Inakisia kwa minara na Wi-Fi, na inaweza kukuweka ng'ambo ya barabara, kwenye tawi la mshindani. Ndiyo maana ni busara kupiga picha ya kwanza nje, mlangoni, anga likiwa wazi, ndipo uingie.

Halafu kuna saa. Fomu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza na zinataka saa 24. Aliyeingia tawini saa nane mchana akaandika 8:00 amejipeleka asubuhi, huku risiti yake ikisema 14:07. Ripoti inarudi, na si ajabu akashukiwa kwamba hakwenda kabisa.

"Ukiwa na picha, risiti haina kazi."

Si kweli hata kidogo. Kwa maoni yangu risiti ndiyo kifaa bora kuliko vyote, na hainunuliwi. Risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi ya Tanzania, ina tarehe, saa, namba ya mlipakodi na msimbo wa kuihakiki. Za Kenya za mfumo wa eTIMS nazo zinahakikiwa. Kuidai hakukufichui. Mamlaka ya Mapato Tanzania imewaimbia wananchi kwa miaka kwamba ukinunua udai risiti, kwa hiyo mteja anayeikomalia risiti kwenye pampu ya mafuta ni mwananchi mwema tu. Ipige picha mapema, kabla jua la dashibodi halijaifuta, maana karatasi ile inafifia kwa joto.

"Kazi ya kupiga simu ni rahisi: unabonyeza kurekodi, basi."

Si kweli, tena mara mbili.

Kwanza, simu yenyewe inaweza kukukatalia. Mei 2022 Google ilizifungia programu za duka lake la Play njia ambayo nyingi zilikuwa zikiitumia kurekodi mazungumzo ya simu, na programu kadhaa zilizotegemewa zikafa. Baadhi ya simu za Android zina kinasa chake cha kiwandani, nyingine hazina. Inategemea aina ya simu na nchi. Apple ilipoleta huduma hiyo Oktoba 2024, katika iOS 18.1, iliileta pamoja na sauti inayowatangazia wote wawili kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Hebu fikiria: unajifanya mteja anayeulizia bima ya gari, halafu simu yako inamtangazia mhudumu kwamba anarekodiwa. Siri imekwisha hapo hapo. Kwa sababu hiyo kampuni nyingine humpa mteja wa siri namba maalumu ya kupitia, na kurekodi kunafanyika upande wao.

Pili, kuna sheria. Marekani, sheria ya shirikisho inaridhika iwapo mmoja wa wanaozungumza amekubali kurekodiwa, na huyo mmoja anaweza kuwa wewe mwenyewe. California inataka wote wakubali. Kwa hiyo kazi ileile inaweza kuwa halali katika jimbo moja na kosa katika jingine. Huku kwetu, Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sauti au sura inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Kabla ya kurekodi, uliza kwa maandishi: ni nani aliyeidhinisha, wafanyakazi walijulishwa kwamba huduma yao hupimwa hivi, na faili litafutwa lini? Kampuni inayokereka kwa maswali hayo imekwisha kukujibu.

"Mwenye kamera ya kifungo hupata kazi nzuri zaidi."

Kweli kwa sehemu. Kazi za video ya siri hulipa zaidi kwa sababu ni ngumu: pembe ya kamera, mwanga, sauti, betri, na shati lisiloshuka wakati umekaa. Lakini kukimbilia kununua kifaa kabla hujaitwa ni kujenga zizi bila ng'ombe. Anza na betri ya akiba, nafasi ya kutosha kwenye simu na bando.

"Kazi ikikutaka ujifanye mgonjwa, huo ni utapeli."

Si kweli, na hapa pana mengi ya kusimulia.

Mwaka 2017 jarida la BMJ Global Health lilichapisha utafiti uliofanyika Nairobi. Watu 14 waliofunzwa walikwenda katika vituo vya afya 42 wakiwa na hadithi za magonjwa manne: kifua kikuu, pumu, maumivu ya kifua yanayoashiria matatizo ya moyo, na mtoto anayeharisha, ambaye "ameachwa nyumbani". Daktari hakujua yupi ni mgonjwa wa kweli. Tanzania nayo watafiti waliwatumia wagonjwa wa namna hiyo katika vituo binafsi zaidi ya 200. Kazi hii hupita kwenye kamati za maadili, na wanaoifanya hufunzwa jambo moja ambalo mteja wa siri wa dukani hana haja nalo: namna ya kuikataa sindano bila kuzua maswali. Unapokea karatasi ya dawa, unajibu maswali, lakini hukubali kuchomwa. Na hawategemei kamera. Wanategemea kumbukumbu, ndiyo maana huhojiwa kwa dodoso mara baada ya kutoka, kabla maneno ya daktari hayajachanganyika na ya mtu mwingine.

Serikali nazo zimetuma wateja wao. Uingereza, mamlaka ya FSA iliyokuwa ikisimamia huduma za fedha iliwatuma watu kuomba ushauri wa kuwekeza katika taasisi sita, mara 231. Matokeo yakatolewa Februari 2013: karibu robo ya ushauri ule ulikuwa mbovu, ama haukumfaa mteja, ama mshauri hakumuuliza vya kutosha kujua kama unamfaa. Marekani, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilitunga waombaji 12 wa bima ya afya mwaka 2014, na 11 kati yao wakapewa ruzuku ya bima. Watu wasiokuwepo duniani!

Lakini kazi ya ajabu yenye uzito kuliko zote, nionavyo, ilifanyika karibu na Richmond, Virginia. Wapimaji wawili, mwanamke Mweusi na mwanamume Mzungu, walikwenda kwa nyakati tofauti kuulizia nyumba za kupanga za kampuni moja. Mweusi akaambiwa hakuna nafasi, Mzungu akaambiwa zipo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, hoja ya wenye nyumba ilikuwa nyepesi kueleza: huyu mwanamke hakutaka nyumba, amepoteza nini? Mwaka 1982, katika kesi ya Havens Realty dhidi ya Coleman, mahakama ikasema sheria ya makazi inampa kila mtu haki ya kuambiwa ukweli kuhusu nyumba zilizopo, na aliyedanganywa kwa ajili ya rangi yake ameumizwa hata kama hakukusudia kuhamia. Tangu hapo wapimaji wa aina hiyo wana pa kusimama mahakamani. Hawakuwa na GPS wala kinasa cha siri kwenye kifungo. Walikuwa na majibu mawili ya swali moja.

"Basi ukiwa mteja wa siri unaweza kutunga chochote."

Si kweli. Hadithi iwe karibu na maisha yako, maana utaulizwa maswali ya kufuatia. Na ipo mipaka ambayo hakuna barua ya kampuni itakayokuvusha. Ukitumwa benki kuulizia mkopo, uliza riba, ada na masharti, kisha ondoka na vipeperushi. Ukijaza ombi kwa kitambulisho chako, hilo ni ombi la kweli: benki ya Kenya inaweza kuitazama historia yako kwenye CRB, ofisi ya taarifa za mikopo, na jina lililochunguzwa ni lako. Ukijaza kwa jina la uongo, umeghushi. Ndivyo ilivyo kwa laini ya simu. Wale waombaji 12 wa GAO walikuwa na serikali nyuma yao, wewe huna.

"Kutoa pesa zako kwanza ni dalili ya utapeli."

Kweli na si kweli, na kinachotenganisha ni pesa inakwenda kwa nani. Kununua chakula au lita chache za petroli kwa pesa yako, kisha ukarudishiwa hadi kiwango mlichoandikiana, ni utaratibu wa kawaida. Kulipia usajili, cheti au "mafunzo" ili upewe kazi ni wizi. Tume ya Marekani inayolinda watumiaji, FTC, imewaonya watu kwa miaka kuhusu mtindo mwingine: unapokea hundi, unaambiwa uiweke benki, ubaki na ujira wako na zinazobaki uzitume ili "kupima" huduma ya kutuma pesa. Siku kadhaa baadaye hundi inaonekana ni feki na benki inakudai wewe. Hapa kwetu hundi si nyingi, lakini mchezo ni uleule kwa M-Pesa: mtu anasema amekutumia pesa kwa makosa, uzirudishe.

"Ripoti ni ya kujaza tu, kazi imekwisha."

Si kweli. Ndiyo na hapana zinajazwa haraka. Maelezo ndiyo yanayolipwa. "Mhudumu alikuwa mkali" haipiti. "Nilisalimia, hakuitikia, akaendelea na simu kwa dakika mbili" inapita. Dakika hizo hutazipata kwa kukisia, kwa hiyo jitumie ujumbe mfupi ukiwa kwenye foleni. Siku hizi hakuna anayemshangaa mtu anayechezea simu. Maelezo marefu yaandike kwanza mahali pengine, kisha uyabandike kwenye fomu, maana mtandao ukikatika ukurasa hukumezea kila kitu. Fomu nyingine hazifunguki sawasawa kwenye simu, zinataka kompyuta. Jua hilo kabla ya kukubali kazi. Ukikosa kifaa, sema siku hiyohiyo. Msimamizi anaweza kumpata mwingine leo, kesho hawezi.

"Ukigunduliwa, umekosa malipo."

Mara nyingi si kweli, lakini kukana na kuficha ndiko kunakokukosesha. Mlinzi akikuuliza kwa nini unapiga picha, toa barua ya idhini kama umepewa, na kama hukupewa, weka simu mfukoni na uondoke kwa heshima. Kisha andika kwenye ripoti saa uliyoulizwa, aliyekuuliza na maneno aliyoyatumia. Kampuni inataka kujua hilo pia.