Pikipiki, jipu au kamio: mama na watoto wapande nini kwenda Walikale?

Likizo kubwa ya Julai na Agosti imekaribia, na familia nyingi za Masisi zinafikiria kushuka Walikale kuona bibi na shangazi. Kwa kawaida swali la kwanza nyumbani ni bei. Sisi tunaomba muanze na lingine: katika safari hii, nani ana nguvu ndogo kuliko wote? Chombo kichaguliwe kwa ajili ya huyo.

Kutoka Masisi-centre kupitia Nyabiondo na Kashebere, unaacha milima ya malisho inayopita mita 2.000, yenye baridi, unaingia msituni kwenye joto. Kule chini mvua hunyesha hata miezi ambayo kwetu ni vumbi. Kwa hiyo ukiona barabara ya kwenu imekauka, usidhani imekauka hadi mwisho.

Pikipiki hupita karibu kila mahali, na kwa mtu mzima peke yake hatuikatazi. Lakini mama, mtoto mgongoni, mwingine mbele ya motari na mfuko wa maharagwe juu? Hapana. Kichwa cha mtoto mchanga hakina kitu cha kukishikilia gari linaporuka mashimo, kitenge kinachoning'inia hushikwa na mnyororo, na bomba la moshi huchoma miguu ya wadogo. Ikiwa hakuna njia nyingine, chukueni pikipiki mbili, mgawanye safari, mlale njiani.

Kamio inapendwa kwa sababu ni kama nyumba inayotembea. Ikikwama siku mbili, watu hupika kando yake na kulala chini ya bashi. Shida ni kukaa juu ya mzigo. Mtoto akisinzia huko, mkono wa mama hautoshi, na kamio ikipinduka, walio juu ndio wanaotupwa au kufunikwa na magunia. Mama mjamzito, mzee na mtoto wapewe nafasi ndani, karibu na shofa. Ikikosekana, ngojeni nyingine. Na pale penye mapipa ya mafuta, msipande kabisa.

Kwa familia yenye wadogo, sisi tunachagua jipu. Ni ghali, ni kweli. Wamama wa AVEC moja wanaweza kulikodi pamoja, wakapatana na shofa idadi ya watu kabla ya kulipa, na wakaihesabu tena wakati wa kuondoka, maana wengine huongezwa njiani.

Kabla ya yote, ulizeni waliopita jana. Machi 2025 vita ilifika Walikale-centre yenyewe, na tangu hapo tumezoea kuona barabara ikifunguliwa na kufungwa. Ondokeni asubuhi, kila mtu mzima na kadi yake ya uchaguzi mkononi kwa ajili ya bariere.

Chakula kiwe cha siku mbili zaidi. Mtoto akiharisha: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Watoto wa milimani hawajazoea malaria ya msituni na huugua vibaya. Homa ikitokea, hata mkiisha kurudi nyumbani, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo na muwaambie mlitoka Walikale. Chandarua kiwekwe juu kabisa ya mzigo, kipatikane usiku wa kwanza.